Lugha ya Askari Darasani: Uhakiki wa Mafunzo ya Kuzuia Dawa za Kulevya katika Shule za Msingi za Njombe na Makambako

Desturi ya askari polisi kuingia katika darasa la watoto na kuwafunza habari za dawa za kulevya aghalabu huzungumzwa kama jambo la sheria, la afya au la malezi. Ni mara chache itazamwapo kama jambo la lugha. Na hali askari avukapo kizingiti cha darasa huacha nyuma pingu, jalada na mahabusi. Hana chombo alichobaki nacho isipokuwa maneno. Maneno hayo yakiwa sawa, somo limefaa. Yakipotoka, hakuna kingine cha kuliokoa. Kwa hiyo yafaa maneno yenyewe yapimwe kama yapimwavyo maneno ya mtunzi au ya mfasiri: yametoka wapi, yana maana gani kwa yule anayeyasikia, na yanatenda kazi gani akishayasikia.

Mahali pa kupimia ni Njombe na Makambako. Miji hii miwili imo katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Hapakuchaguliwa kwa sababu ya kuzidi kwa uovu. Palichaguliwa kwa sababu hali ya mahali hapa huonyesha waziwazi kasoro ambayo kwingineko imejificha.

Mahali na watoto wake

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita hapo, na hapo hapo huchipuka barabara ya kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ina stesheni hapo. Malori ya Zambia na ya Kongo hulala Makambako, na palipo na malori yanayolala pana nyumba za wageni, vilabu vya pombe, wapiga debe na vijana wa kupakia mizigo. Mtoto wa Makambako husikia misemo ya bandarini na ya mipakani kabla ya kumaliza darasa la tatu.

Njombe ni mji wa namna nyingine. Uko juu milimani katika baridi, umezungukwa na mashamba ya chai, viazi na miti ya mbao. Wenyeji walio wengi ni Wabena, na vijijini mtoto huingia shule akiwa na Kibena kinywani, hali Kiswahili chake kingali kichanga. Mianzi ya huko hutoa ulanzi, kinywaji kilicho kitamu siku kinapogemwa na kikali kadiri kinavyokaa. Ulanzi si siri wala si haramu. Huuzwa mchana, hunywewa harusini na matangani, na wapo watoto wanaoonjeshwa ungali mtamu.

Kwa watoto wa namna hizi mbili Jeshi la Polisi huleta somo moja. Utaratibu wa polisi jamii, ulioenea nchini tangu miaka ya 2000, pamoja na kazi ya askari wa kata na ya Dawati la Jinsia na Watoto, umewafanya askari kuwa wageni wa mara kwa mara katika shule za msingi za Tanzania. Msingi wa kisheria upo. Sheria ya mwaka 1995 iliweka Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa za kulevya; Sheria ya mwaka 2015 ikaibadili kwa kuunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na kuelimisha umma kukawa ni sehemu ya kazi zake. Nia njema ya desturi hii haina shaka, wala haibishaniwi hapa.

Neno "dawa"

Wapenzi wa lugha wamebishana kwa muda mrefu kama ni sahihi kusema "dawa za kulevya" au "madawa ya kulevya". Wenye kushika sarufi husema kwamba "dawa" halibadiliki katika umoja na wingi, na kwamba "madawa" ni kosa. Wengine hujibu kwamba kiambishi "ma-" huleta maana ya wingi usiopimika, au ya ukubwa na ubaya, na kwamba wasemaji wamekwisha kata shauri kwa vinywa vyao. Ubishi huu una faida yake, walakini umewashughulisha wajuzi kwa kiambishi hata wakalisahau jina lenyewe. Tatizo la mtoto haliko katika "ma-". Liko katika "dawa".

Neno "dawa" lilitoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili maana yake ya kwanza ni kitu cha kuponya. Maana nyingine zote zimejengwa juu ya hiyo: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mchwa. Kila moja ni kitu cha kuondoa ubaya au kuleta uzima. Hata mganga wa kienyeji, awe mkweli awe mwongo, hutoa "dawa" kwa ahadi ya uzima. Mtoto wa shule ya msingi amelijua neno hili kwa wema wake. Alipougua homa alipewa dawa. Shuleni, siku ya kugawa dawa za minyoo, mwalimu alisimama mbele yake kuhakikisha kwamba amezimeza.

Sasa huja askari na kusema kwamba dawa ni mbaya. Hasemi hivyo kwa ukamilifu, kwa kuwa husema "dawa za kulevya". Lakini kila mwenye kusikiliza mazungumzo ya watu anajua kwamba maneno ya sifa huanguka upesi. Sentensi ya kwanza husema "dawa za kulevya". Ya tatu husema "hizi dawa". Ya tano husema "anayetumia dawa". Mtu mzima hubeba sifa iliyoanguka katika kumbukumbu yake. Mtoto wa miaka minane, tena ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, huchukua alichosikia.

Njombe jambo hili si la kuchekesha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, karibu 13 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kiwango halisi ni asilimia 12.7, nacho kinapita cha mikoa yote ya Tanzania Bara na Visiwani, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba katika darasa lolote la Njombe au Makambako wamo watoto ambao mama, baba au bibi yao humeza vidonge kila siku ili aishi. Na wengine humeza wenyewe. Watu wa huko, kama Watanzania wengi, hawapendi kuutaja ugonjwa kwa jina. Husema "anatumia dawa". Husema "ameanza dawa". Na habari ya kutisha kuliko zote husemwa kwa maneno mawili tu: "ameacha dawa".

Basi ziwekwe pamoja sentensi mbili ambazo mtoto mmoja anaweza kuzisikia katika juma moja. Muuguzi wa kliniki humwambia mama yake, naye akisikia: "Usiache dawa." Askari humwambia yeye na wenzake darasani: "Anayetumia dawa aache." Katika sarufi na katika sauti hapana kinachozitenga sentensi hizi isipokuwa neno moja la sifa, nalo huenda lilikwisha anguka. Mtoto atafanya nini na picha ya "mtumiaji wa dawa" aliyochorewa na askari: mtu aliyekonda, asiyeaminika, anayefichwa na jamaa zake, ambaye mwisho wake ni kaburi? Huenda picha hiyo akaiona nyumbani kwao, kwa mtu ambaye kukonda kwake na kufichwa kwake kuna sababu nyingine kabisa. Somo lililokusudiwa kumwepusha na heroini laweza kumfundisha kumwonea haya mama yake. Au, kwa yule anayemeza mwenyewe, kumwonea haya kidonge chake.

Hili ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la malezi, na si la askari peke yake. Istilahi ya sheria ilitungwa kwa ajili ya mahakama, ambako kila neno limefasiriwa katika kifungu chake, na sifa haianguki. Kuichukua istilahi hiyo kama ilivyo na kuipeleka darasa la pili ni sawa na kumvika mtoto joho la jaji.

Maneno ya mtaani

Upungufu wa pili ni katika majina ya vitu vyenyewe. Ili kuonya, askari hutaja. Na ili aeleweke, hutaja kwa majina ya mtaani. Heroini huwa "unga", bangi huwa "majani" au "msuba", kipimo kidogo huwa "kete", na mwenye uraibu huwa "teja". Majina haya ni mafumbo ya watu wa mijini. Kazi yake ni kuficha jambo kwa kulivika vazi la kitu cha kila siku, na kwa kazi hiyo yametungwa kwa ufundi. Lakini fumbo humfaa anayejua kinachofichwa. Mtoto wa kijiji cha Njombe anajua unga ni kitu cha kupikia ugali, na majani ni kitu kinachochumwa shambani na kupelekwa kiwandani, ambacho huenda ndicho kilicholipia sare yake. Kwake yeye jina la mtaani halifichui kitu. Hufunika kitu kingine.

Kwa mtoto wa stendi ya Makambako hali ni kinyume. Yeye amekwisha yasikia majina haya, tena mapya kuliko aliyonayo askari, kwa kuwa misemo ya mtaani hubadilika upesi kila inapojulikana na wakubwa. Akimsikia askari akitumia la miaka kumi iliyopita, hupata fundisho moja tu: kwamba huyu mgeni hajui. Mmoja hakuelewa, mwingine alielewa na kudharau.

Mfano wa mirungi waonyesha jinsi jina na sheria vinavyoweza kuachana. Mmea huo huo Kenya huitwa miraa, ni zao halali la biashara, nao umetambuliwa katika sheria za kilimo tangu 2016. Tanzania huitwa mirungi, nao umo katika orodha ya dawa za kulevya. Kitu kimoja, lugha moja, majina mawili, hukumu mbili. Mtu mzima aweza kuelezwa kwamba kila nchi ina sheria yake. Mtoto aliyeambiwa kwamba kitu ni kibaya kwa sababu askari hukikamata, naye akasikia redioni kwamba jirani hukiuza kwa halali, atakuwa amepewa hoja ya kuukataa ubaya wenyewe.

Kisha kuna ambacho hakitajwi. Kitenzi "levya" ni wazi kwa kila msemaji: kumfanya mtu alewe. Ulanzi hulevya. Komoni hulevya. Gundi ya mafundi viatu ikinuswa hulevya. Lakini somo la askari hufuata orodha ya sheria, na ulanzi haumo. Mtoto hufanya hesabu yake: dawa za kulevya ni haramu, ulanzi si haramu, kwa hiyo kulewa kwa ulanzi si kulewa kunakosemwa. Hivyo kileo cha kwanza kabisa ambacho mtoto wa Njombe atakikuta, tena nyumbani, hupita mlangoni bila kuulizwa.

Kusema hapana

Katika somo la namna hii vitenzi karibu vyote huwa katika hali ya kuamrisha au kukataza: epukeni, kataeni, acheni, msijaribu, msikubali. Juu ya vyote huja fungu la maneno lililokwisha kuwa wimbo: "Sema hapana kwa dawa za kulevya." Fungu hili lastahili kutazamwa kwa makini, maana lina nasaba inayojulikana.

Nasaba yake ni Marekani ya miaka ya 1980, ambako Nancy Reagan, mke wa Rais, aliongoza mwito wa kuwataka watoto waseme hapana tu. Mwaka 1983 Mkuu wa Polisi wa Los Angeles, Daryl Gates, kwa ushirikiano na wakuu wa shule za mji huo, alianzisha mpango uitwao D.A.R.E., ambao kwao askari mwenye sare hufundisha masomo 17, moja kila juma, kwa watoto wa shule za msingi. Mpango ule ukaenea katika Marekani na nchi nyingi nyingine, na lugha yake ikaenea mbali kuliko mpango wenyewe.

Katika Kiswahili fungu hili ni mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima. "Hapana" katika asili yake ni kauli ya kutokuwapo kwa kitu mahali: hapana maji, hapana mtu. Matumizi yake kama jibu la kukana ni halali na ya kawaida, lakini jibu hilo hukanusha habari zaidi ya kukataa toleo. Mtu aulizwaye "Umekula?" hujibu "Hapana". Mtu apewaye chakula asichokitaka hasemi hivyo, na mtoto apewaye na mkubwa hathubutu. Wala "kusema hapana kwa" kitu si mjengo wa Kiswahili. Kitu hukataliwa, hakisemeshwi.

Hoja hii si ya kutakasa lugha kwa ajili ya kutakasa. Mtoto anafundishwa kutumia sentensi ambayo desturi yake haina mahali pa kuiweka. Anayempa bangi au kumwonjesha ulanzi karibu kila mara si mgeni. Ni kaka, ni binamu, ni kijana wa jirani anayemwita "mdogo wangu". Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo, au kwa kamwene ya Wabena na magoti ya heshima, hawezi kumtolea mkubwa wake neno kavu la kukana bila kuonekana mtovu wa adabu. Na kati ya kuvunja adabu aliyofundishwa miaka yote na kuvunja onyo alilosikia nusu saa, si vigumu kujua kipi atakivunja.

Na hali Kiswahili hakina umaskini wa njia za kukataa. Kina hazina yake. "Ahsante" peke yake, ikisemwa kwa sauti ya kushusha, ni kukataa. "Nimeshiba" ni kukataa. "Nimetumwa na mama" ni kukataa kwenye nguvu kuliko kote, kwa kuwa mtoto aliyetumwa yumo chini ya amri ya mkubwa mwingine, na hakuna awezaye kumshika bila kumvunjia heshima aliyemtuma. "Naitwa nyumbani" ni ndugu yake. Mtoto akizoezwa kauli hizi, kwa kuzisema yeye mwenyewe na mwenzake akiigiza kaka, atatoka darasani na kitu mkononi. Akifundishwa "sema hapana", ametoka na bango.

Kiitikio

Namna ya kuuliza nayo yahusika. Kuna ulizo maarufu katika madarasa ya Tanzania ambalo mwalimu hukata neno katikati, na wanafunzi hulimalizia kwa pamoja. Mfundishaji husema, "Dawa za kulevya zina ma...?" na darasa zima hujibu, "...dhara!" Au huuliza, "Ni nzuri au mbaya?" na kishindo cha "Mbaya!" hutikisa bati. Mgeni hufurahi, huona kwamba somo limeingia.

Kilichoingia ni silabi mbili. Kiitikio ni sanaa ya zamani katika nyimbo na hadithi za Afrika ya Mashariki, na si cha kudharauliwa. Katika hadithi huwakusanya wasikilizaji na kuwaweka macho. Lakini katika hadithi kiitikio hufuatwa na tukio, na tukio ndilo linalofundisha. Hapa hufuatwa na kiitikio kingine. Jibu limo ndani ya swali, na mtoto hulitoa bila kupita katika maana. Swali la kweli lingekuwa lile ambalo jibu lake askari halijui: "Je, umemwona mtu aliyelewa? Alifanya nini? Wewe ulikwenda wapi?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa kishindo, wala na mtoto ambaye anaogopa kwamba jibu litampeleka baba yake kituoni.

Nani asemaye

Hapo ndipo penye fundo la jambo lote. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alieleza katika mihadhara yake ya mwaka 1955 kwamba kusema ni kutenda: kwa maneno yale yale mtu aweza kuonya, kuahidi, kuamuru au kutishia, na tofauti hutokana na nani asemaye, wapi, na kwa mamlaka gani. "Usivute bangi" kinywani mwa bibi ni wosia. Kinywani mwa mwalimu ni fundisho. Kinywani mwa askari, hata akitabasamu, ni sheria inayosema, na nyuma yake pana chumba chenye vyuma. Askari hawezi kuivua mamlaka hiyo mlangoni, kwa kuwa sare ni sehemu ya sentensi. Watoto husimama na kumwita "afande", jina lenye asili ya Kituruki ambalo tangu zamani ni la kumtii mkubwa wa jeshi. Na anayeitwa afande huulizwa ruhusa, haulizwi shaka.

Kwa sababu hiyo kitisho cha kifungo, ambacho askari huweza kukitaja kwa wepesi, chafaa kupimwa kwa sheria yake mwenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu mtoto wa chini ya miaka 10 kuwa hawezi kutenda kosa la jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 kuwa hawezi mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua ubaya wa tendo lake. Kumwambia mtoto wa darasa la pili kwamba atafungwa ni kumwambia lisilo kweli. Na lisilo kweli likigunduliwa, huchafua yaliyo kweli yaliyosemwa pamoja nalo.

Njombe kuna kumbukumbu nyingine pia. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa huko, na msiba ule ukatangaa nchi nzima. Wazazi, walimu na polisi waliwafundisha watoto kumwogopa mtu wasiyemjua. Onyo lile lilikuwa la haki. Lakini likihamishwa na kutumiwa kwa dawa za kulevya, hupotosha, kwa kuwa hapa hatari haiji na uso wa mgeni. Huja na uso wa rafiki.

Ushahidi wa nje

Yale yanayoonekana kwa kupima lugha hayapingani na yale yaliyopimwa kwa hesabu. Mwaka 1994 Susan Ennett na wenzake walikusanya matokeo ya tathmini nane za mpango wa D.A.R.E. Waliona kwamba watoto walipata maarifa, lakini kuhusu kutumia au kutotumia vilevi athari ilikuwa ndogo mno, ndogo kuliko ya mipango iliyowafanya watoto wenyewe wazungumze na kuigiza. Mwaka 2009 wenye mpango wenyewe waliupokea mtaala mwingine, wenye mazoezi zaidi na hotuba chache zaidi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, katika viwango vyake vya kinga vya mwaka 2013, vilivyotolewa tena mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani, iliorodhesha sifa za mafunzo ya shuleni yasiyoleta faida au yanayoleta madhara. Humo mna hotuba zisizo na mazungumzo, kutia hofu, na kumtumia askari polisi kuwa ndiye mfundishaji.

Ushahidi huu ni wa nchi nyingine, na mwenye busara hataudaka kana kwamba umetoka Lupembe. Lakini hofu, hotuba na sare hufanya kazi kwa njia ya maneno, na yaliyokwisha elezwa juu ya maneno hayo katika Kiswahili yanaongeza uzito wa ushahidi. Hayaupunguzi.

Utetezi na marekebisho

Yapo ya kumtetea askari. Mara nyingi yeye ndiye mtu pekee aliyekuja. Mwalimu ana watoto wengi na vipindi vingi, mganga yuko mbali, na mzazi huona haya kutaja. Askari wa kata ameona kwa macho yake yaliyowapata vijana wa stendi, na husema kwa uchungu wa kweli. Tena yako mambo ambayo ni yeye tu awezaye kuyasema kwa haki: kwamba mtoto anayetumwa kupeleka kifurushi anaonewa, kwamba akimwambia askari hatapigwa, kwamba kuna dawati na kuna mtu aitwaye kwa jina ambaye mlango wake uko wazi. Sentensi hizi ni ahadi. Na ahadi ya askari, kwa sababu ile ile ya mamlaka yake, ina nguvu kuliko ahadi ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo sehemu yake katika somo, nayo si ndogo. Sehemu nyingine, ya kueleza vitu na kuzoeza kauli, ni ya mwalimu, ambaye yupo siku ya pili kujibu maswali.

Kuhusu istilahi, yafaa jina la sheria libaki katika sheria, na darasani litumiwe neno ambalo lugha inalo tangu zamani: kilevi, wingi vilevi. Neno hili halina wema wa kuazima, linaeleweka kwa kila ajuaye "lewa", na linawakusanya ulanzi, bangi, gundi na heroini katika ukoo mmoja kabla ya kuwatenga kwa sheria. Atakayepinga atasema kwamba kuuweka ulanzi wa bibi pamoja na heroini ni kuchanganya. Lakini kulitaja kundi si kuyalinganisha yaliyomo. Nyoka na mjusi huitwa watambaao, na hakuna mtoto anayewaogopa sawasawa. "Mihadarati", neno lipendwalo zaidi Kenya, halipotoshi, ila ni fumbo kwa mtoto, na fumbo halimlindi. Kwa mgonjwa wa vilevi, "mraibu" ni bora kuliko "teja". Uraibu katika Kiswahili cha zamani ulikuwa ni mazoea ya kitu kama tambuu au tumbaku, na neno hilo humweka mtu ndani ya mazoea yanayoweza kutibiwa, pasipo kumfukuza katika jamii kwa jina la dharau.

Baraza la Kiswahili la Taifa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili zimekwisha tunga istilahi za mahakama, za sayansi na za biashara. Kijitabu cha maneno thelathini kwa ajili ya somo hili, kilichopimwa kwanza kwa watoto wa kijiji na wa stendi, na kupitiwa na wauguzi wanaojua jinsi neno "dawa" linavyoishi katika nyumba za Njombe, si kazi inayozishinda. Askari wapewe kijitabu hicho kabla ya kupewa ratiba ya shule. Mpaka hapo, jambo moja laweza kufanywa kesho asubuhi bila gharama: kila anayesimama mbele ya darasa katika mkoa ule asiliache neno "dawa" peke yake, na kabla ya kuonya juu ya zinazoua awaambie watoto kwamba zipo zinazoponya, na kwamba anayezimeza kila siku nyumbani kwao anafanya vema.